Meza Yangu Ilipimwa Kama Rinda

Ikiwa umewahi kusafiri kutoka Thika kuelekea Matuu na Mwingi kwa barabara ya Garissa, basi Makongeni umeipita, hata kama hukushuka. Ni mtaa mkubwa uliojengwa kwa mafungu yanayoitwa fezi, na wakazi huyataja kwa namba tu: huyu yuko ya Tano, yule ya Saba. Kando ya barabara, baina ya wauza mitumba na vibanda vya viazi vya kukaanga, wamejipanga maseremala. Vitanda vimesimamishwa wima, makabati yameachwa wazi ili vanishi ikauke, na fremu za sofa ziko uchi zikisubiri sponji na kitambaa. Hawa ni jua kali wa jina na wa hakika, maana wengi wao hawana cha kuwafunika ila turubai na mabati mawili matatu.

Watu huwaendea mafundi hawa wanapooa, wanapopata mtoto wa pili, au sofa ya zamani inapoota mashimo. Mimi niliwaendea kuagiza mahali pa kufanyia kazi.

Nianze na sababu. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, nilirudi nyumbani na kompyuta ndani ya mkoba nikidhani ni kwa majuma mawili. Mambo yalipotulia, mhariri wangu alisema sisi tunaoandika makala marefu tunaweza kuendelea kuandikia nyumbani na kwenda mjini siku ya mkutano tu. Nilishukuru. Nauli ya Nairobi si mchezo, na hata barabara kuu ya Thika, iliyokamilishwa mwaka 2012 kwa sifa kubwa, haimwokoi mtu na msongamano wa asubuhi pale Githurai na Roysambu. Kwa hivyo nilijipatia saa tatu kila siku ambazo zamani zilimezwa na matatu.

Lakini nyumba yetu ni ya vyumba viwili vya kulala na sebule. Ofisi yangu ikawa meza ya kulia. Saa moja asubuhi naondoa vikombe vya chai naweka kompyuta. Saa saba naondoa kompyuta naweka sahani. Jioni watoto wanatandaza vitabu, nami nahamia kwenye meza ndogo ya chai, ile ya goti, nikiwa nimejikunja kama mtu anayechambua mchele. Miezi ikawa miaka. Mabega yakaanza kuuma, kisha shingo, kisha usiku nikawa sipati upande wa kulalia. Mtaalamu wa viungo niliyemwendea aliniuliza swali moja tu kabla ya kunigusa: "Unafanyia kazi juu ya nini?"

Hilo la mgongo lilikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ni kwamba kazi isiyo na mahali pake haionekani kuwa kazi. Jirani anayekwenda sokoni anabisha kuniachia mtoto, "si uko tu nyumbani?" Mletaji wa gesi ya ghorofa ya tatu anaachiwa maagizo apitie kwangu. Watu wa chama wananipigia saa nne asubuhi kupanga harusi ya mtu. Hakuna kati yao aliye mbaya. Wote wangesita kumpelekea mtoto karani wa benki akiwa dirishani mwake. Ila mimi waliniona nimekaa penye bakuli la chumvi, na mtu aliyekaa penye bakuli la chumvi huhesabiwa kuwa anapumzika.

Nilipomwambia baba watoto kwamba nataka meza yangu mwenyewe, alicheka kidogo. "Ngũgĩ aliandika kitabu kizima kwa karatasi ya chooni," akasema, "na wewe unataka meza?"

Ni kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Desemba 1977, na akiwa gereza la Kamiti, ambalo haliko mbali na Ruiru hapa, aliandika riwaya ya *Caitaani Mũtharaba-inĩ* juu ya karatasi ya chooni. Ilitolewa kwa Kikuyu mwaka 1980, na baadaye tukaisoma kwa Kiswahili kama *Shetani Msalabani*. Nilimjibu mume wangu kwamba Ngũgĩ hakuichagua karatasi ile, aliichaguliwa, na kwamba mimi sina kesi na serikali. Ningeweza kumtajia pia Jane Austen wa Uingereza, aliyeandika kwenye kijimeza cha pande 12 ambacho hadi leo kinaonyeshwa katika nyumba yake huko Chawton. Kijimeza hicho kingetosha birika na vikombe viwili hivi. Watu hupenda kusimulia mambo haya kana kwamba ufinyu ndio uliozaa vitabu. Mimi naona vitabu vilizaliwa licha ya ufinyu.

Kwanza tulizunguka madukani. Meza za kazi zinazouzwa siku hizi huja ndani ya boksi, vipande vipande, na skrubu zake kwenye kifuko. Aghalabu si mbao hasa, bali ni unga na vibanzi vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi ngumu yenye picha ya mbao. Sizitukani. Ni nyepesi, ni laini, na zilizo nyumba za kupanga huzipenda. Ila mwaga maji kwenye kona yake ukasahau kupangusa, utaona kona inavimba kama mandazi. Na skrubu ikishatoka mara mbili mahali pake, hairudi tena kukaza. Moja niliyoipenda iliuzwa shilingi 12,000. Ilikuwa na urefu wa futi tano. Kona yangu, ile iliyo baina ya dirisha la sebule na ukuta wa chumba cha watoto, ni futi nne na inchi mbili. Hapo ndipo tulipoamua kwenda kwa fundi.

Fundi wangu ni mzee wa miaka sitini na ushei, mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Nilimpata akipiga randa huku redio ikimsomea habari. Nilimpa karatasi niliyochora: urefu futi nne, upana futi mbili, droo tatu. Aliitazama akaigeuza, akatafuta upande wa pili kama kuna kitu.

"Na kimo?" akauliza.

"Kimo cha kawaida," mume wangu akajibu.

"Cha kawaida ni cha nani, mzee?"

Akaniwekea kigoda, akanipangusia vumbi kwa fulana. "Keti hapa, mama. Nyayo zote mbili chini. Mabega yaache yaanguke. Sasa kunja mkono kama unaandika."

Akatoa futi ya kukunja, akapima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko changu: inchi 25 na nusu. Kisha akapima meza ya kulia aliyokuwa akimtengenezea mteja mwingine: inchi 30. Hakueleza kitu. Aliniacha nitazame namba hizo mbili mwenyewe, kama mwalimu aliyeandika hesabu ubaoni akageuka kufuta mikono.

Mimi ni mtu wa futi tano na inchi mbili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiinua mabega inchi nne na zaidi ili vidole vifike kwenye vibonye, mchana kutwa, siku tano kwa juma. Meza nyingi za dukani huwa kati ya inchi 28 na 30, na kimo hicho kinamfaa mtu mrefu, aghalabu mwanamume. Mfupi huambiwa ainue kiti. Akiinua kiti miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unambana nyuma ya mapaja, na kufikia adhuhuri miguu imekufa ganzi. Basi anatafutiwa kibao cha kukanyagia. Yaani mwili mzima unarekebishwa ili meza isiguswe.

Baba watoto, ambaye ana futi sita kamili, alipinga. Na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema meza ni mali ya nyumba. Yeye naye ana hesabu za kufanya jioni. Ikitengenezwa fupi, nani mwingine ataitumia? Na tukihama, au shida ikitupata tukataka kuiuza, nani atanunua meza ya inchi 26? Akamwambia fundi apige 29, tuwe tumekutana katikati.

Fundi aliweka futi mfukoni. "Meza ni ya nani?" akauliza.

Msomaji, swali hilo ni dogo, lakini ndani ya ndoa lina uzito wake. Kitanda ni chetu, sofa ni yetu, televisheni ni ya watoto ingawa hatujawahi kukiri. Mimi katika nyumba ile nilikuwa na nguo, viatu na simu. Vumbi la mbao lilikuwa likielea kwenye jua, na redio ikaingia matangazo ya biashara. Nikasema, "Yangu." Mume wangu akanitazama kidogo, kisha akamgeukia fundi. "Andika 26," akasema.

Tukaingia kwenye mbao. Watu wa nje huijua Thika kwa ajili ya kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, *The Flame Trees of Thika*, kilichoutangaza mti wenye maua mekundu kama moto. Lakini mti unaolisha maseremala wa Makongeni ni mwingine kabisa: mgrevilea, ambao Wakikuyu wanauita mũkima. Asili yake ni mashariki mwa Australia. Uliletwa ukapandwa kwenye mashamba ya kahawa na majani chai ili kutoa kivuli na kukinga upepo, kisha wakulima wadogo wakaupanda mipakani mwa mashamba yao. Ukipanda juu kuelekea Gatanga na Kandara utauona umesimama safu kwa safu, umepunguzwa matawi hadi juu kwa ajili ya kuni.

Mti huu ulipata hadhi zaidi baada ya Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake. Mbao za saiprasi, zilizokuwa ndizo chakula cha kila siku cha seremala, zikaadimika na bei ikapanda. Mafundi wakageukia miti ya mashambani. Rais alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo Julai 2023, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuizoea grevilea. Mahogani ya kutoka Kongo ipo yadini pia, ni nzuri na ni nzito, ila bei yake inamfaa mwenye duka la dawa.

Grevilea ina uzuri wa siri. Ubao wake ukipasuliwa kwa upande ufaao na kupigwa randa, hutokeza madoa yanayong'aa, kama magamba ya samaki yakipigwa na mwanga. Pia ina kero zake. Majani na vumbi lake huwawasha baadhi ya watu, na ndiyo maana fundi wangu huvaa mikono mirefu hata Januari. Na haifai kukaa nje penye udongo na mchwa. Ndani ya nyumba, ikitunzwa, itawaona wajukuu.

Fundi alinishauri jambo ambalo namshauri kila msomaji: nisimpe pesa za mbao, twende naye yadini nilipe mwenyewe. "Hivyo hutaniuliza zilienda wapi," akasema, "nami sitajaribiwa." Kule yadini nilimwona akifanya mambo ya ajabu. Aliinua ubao mmoja mmoja akiupima uzito mkononi. Aligonga kwa konzi akisikiliza. Akauweka mwingine shavuni kama mama anayepima homa ya mtoto. Ubao mbichi, alinieleza, ni mzito, mlio wake ni butu, na shavuni ni baridi, maana bado una maji. Gogo lililokatwa juzi hubeba maji mengi mno, na mbao ya ndani ya nyumba inatakiwa ikauke hadi maji yabaki kama asilimia 12 ya uzito wake. Ukikimbilia kutengeneza meza kwa mbao mbichi, itakaukia nyumbani kwako. Itapinda, itapasuka, na usiku utaisikia ikilia *ta!* kama bastola.

Mwenye yadi aliapa kwamba zake zote zimekauka. Fundi alizikataa karibu nusu. Tulichukua tano za inchi 6 kwa 1 kwa ajili ya uso wa meza, na nyingine za miguu na droo, na bado akaenda kuzipanga chini ya bati lake, vijiti vikiwa katikati ya ubao na ubao ili upepo upite. Zikakaa hapo majuma matano. Nilimpigia simu mara mbili. Mara ya pili alinijibu, "Mama, mbao haina mdomo ndiyo maana nasema kwa niaba yake. Haijawa tayari."

Kazi yenyewe ilipoanza nilikwenda karibu kila jioni, nikidai nanunua sukuma wiki. Mbao tano za uso ziliunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi na kubanwa usiku kucha. Fundi alizipanga moja uso juu na nyingine uso chini, ili kila moja ikitaka kupinda upande wake, jirani yake aikatalie. Miguu hakuipiga msumari. Alichonga ulimi kwenye kila papi, akachimba tundu la kuupokea kwenye mguu kwa patasi, ukaingia kwa kugongwa na gongo la mti, ukashika hata kabla ya gundi. Nilimuuliza kama msumari usingekuwa haraka. Alinionyesha kiti kilicholetwa kwake kukarabatiwa, misumari imechomoza kila kiungo kama meno ya mbwa mzee, na kutu imeula ubao ukawa mweusi. Maelezo hayakuhitajika.

Kitu nilichokipenda zaidi kiko chini ya meza, mahali ambapo mgeni hatawahi kuona. Uso wa meza haukugandishwa kwenye fremu. Umeshikwa na vibanzi vinane vya mbao, kila kimoja kimepigiwa skrubu kwenye uso na kuingiza mdomo wake katika mfereji uliochimbwa kwenye fremu. Ubao hauongezeki urefu kwa kiasi cha kusumbua, bali hutanuka na kusinyaa kwa upana. Mvua za Aprili zikinyesha, hunywa unyevu kutoka hewani na kutanuka. Kiangazi cha Januari kikija, husinyaa. Ukiufunga kwa nguvu pande zote utapasuka, maana lazima uende mahali. Vibanzi vile huuachia uende na kurudi huku ukikaa palepale.

Suala la droo lilituletea mashauri mengine. Mimi nilichora droo ya katikati, mbele ya tumbo, kama za walimu. Fundi akapima mapaja yangu nikiwa nimeketi. Kutoka sakafuni hadi juu ya paja ilikuwa inchi 21 na nusu. Meza ya inchi 26, ukitoa unene wa ubao, inabaki 25. Tofauti ni inchi tatu na nusu. Ukiweka droo hapo pamoja na papi ya kuibeba, magoti hayana pa kuingia, au droo inakuwa nyembamba kiasi cha kubeba kalamu na stempu tu. Droo zote zikahamia upande wa kulia, tatu, moja juu ya nyingine, na papi ya mbele ikaondolewa kabisa, mzigo wake ukapewa ya nyuma. Kiswahili kinaiita droo mtoto wa meza. Meza yangu basi ina watoto watatu, nami nina wawili, na wa meza ndio pekee wanaonyamaza wanapoambiwa.

Mambo hayakwenda mserereko. Siku ya kupitisha mbao kwenye mashine ya randa ya jirani yake, stima ilipotea mtaa mzima, ikarudi baada ya siku mbili. Fundi alimalizia ubao mmoja kwa randa ya mkono, na hadi leo naweza kukuonyesha ni upi: ukipitisha kiganja unasikia mawimbi madogo sana. Alitaka kuyaondoa kwa msasa. Nilimkataza.

Pia alikuja nyumbani kabla ya kuunganisha, akapima mlango, na kona ya ngazi, na tena mlango. Namshukuru. Kuna familia katika ploti yetu ambayo kabati lao liliingilia dirishani baada ya kukatwa vyuma. Meza yangu ilipanda ghorofa mbili ikiwa vipande vitatu: uso, fremu na sanduku la droo. Vikafungwa ndani kwa boliti sita.

Hesabu nayo isikose, maana najua kuna msomaji anayesubiri hapo tu. Mbao, gundi, msasa, boliti na vanishi ni shilingi 7,300. Mashine 600. Ufundi 6,500, nusu tulipoanza na nusu ilipofika nyumbani. Mkokoteni 300. Jumla 14,700. Ni ghali kuliko ile ya boksi kwa 2,700. Fundi aliniambia bila kulalamika kwamba maboksi hayo yamemchukulia karibu wateja wote wa meza, na vijana wawili aliokuwa akiwafundisha wamekwenda kuendesha pikipiki. Vitanda ndivyo vinavyomweka mjini. Meza ya kuchonga ndimi na matundu, alisema, hakuwa ameagizwa kwa muda mrefu.

Tuliiweka ubavu kwa dirisha, si mbele yake wala nyuma yake. Ukilielekea dirisha, jua linakupiga machoni. Ukilipa mgongo, linapiga kioo cha kompyuta. Mwanga unanijia kutoka kushoto, kwa sababu naandika kwa mkono wa kulia na kivuli cha mkono hakiangukii karatasi. Chini ya kila mguu fundi alipaka vanishi mara tatu, maana maji ya kupiga deki ndiyo adui wa kwanza wa miguu ya samani katika nyumba zetu. Yalianzia humo kuharibu meza ya mama yangu.

Na nyumba? Siku za kwanza meza iligeuzwa rafu. Nilikuta juu yake ufunguo wa pikipiki ya mgeni, chaja mbili, kitana na kopo la maziwa. Nilivitoa vyote nikaviweka juu ya kitanda cha mwenyewe, bila maneno, kila siku, kwa majuma mawili. Kisha vikakoma. Mabega yaliacha kuuma polepole. Shingo ilikawia. Binti yangu wa miaka 12, aliye gredi ya sita, aligundua kwamba kimo kile kinamfaa kuliko meza ya kulia, kwa hivyo tumepatana: saa kumi na moja hadi saa moja ya jioni meza ni yake, na anaiacha kama alivyoikuta. Hoja ya baba yake kwamba hakuna mwingine atakayeitumia ikafia hapo.

Jirani alibisha asubuhi moja wakati wa likizo ya Aprili, mtoto mgongoni. Binti yangu ndiye aliyefungua. Nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni, mgongo wangu ukionekana wazi. "Mama yuko kazini," akamwambia. Jirani akachungulia, akaniona, akaona meza. "Basi mwambie nitapita saa kumi," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye katika maktaba.

Mvua kubwa zilipokolea, droo ya chini ilianza kukaza. Nilimpigia fundi, akaja Jumapili baada ya kanisa akiwa na koti na tai. Aliitoa droo, akasugua kipande cha mshumaa kwenye njia zake, akairudisha kwa kidole kimoja. Kisha akapiga magoti, tai ikagusa sakafu, akachungulia vibanzi vyake chini ya uso wa meza. Uso ulikuwa umetanuka, akanionyesha mahali ambapo mdomo wa kibanzi umesogea ndani ya mfereji, kama unene wa shilingi. Juu hapakuwa na ufa wowote. Alikataa pesa, akakubali chai.

Baba watoto, aliyekuwa akisoma gazeti kwenye sofa, alimuuliza kama kuna meza inayoweza kukaa kwenye ile nafasi iliyobaki nyuma ya mlango wa chumba chetu, inchi 38 tu, ya mtu anayefanya hesabu kidogo jioni. Fundi aliweka kikombe chini, akajipapasa mifuko ya koti la kanisani akitafuta futi. Alikuwa nayo.

"Leta kigoda, mama," akaniambia. "Mzee, vua viatu."